Tuandikieni safari ya Guangzhou kwa saa zetu

Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumapili mlichapisha jedwali dogo la umbali na muda wa safari za ndege kutoka Entebbe. Mstari wa nne ulisema: Guangzhou, kilomita 9,070, saa 11. Jedwali hilo nimelikata na kulibandika ukutani dukani kwangu, Arua Park hapa Kampala, maana hakuna wiki inayopita bila wanawake wenzangu wa biashara kuniuliza habari za njia hiyo. Lakini pembeni yake nimeandika mambo kwa kalamu, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikae chini kuwaandikia barua hii.

Mimi ni Mnubi wa Bombo. Nauza vyombo vya jikoni: sufuria, chupa za chai, sahani, vikombe, vijiko vya kupakulia. Tangu mwaka 2011 nimekwenda Guangzhou, China, mara 14, mara nyingi wakati wa Maonyesho ya Canton, maonyesho makubwa ya bidhaa ambayo mji ule umeyafanya tangu 1957, mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo safari hii naijua kwa miguu na kwa mgongo.

Kilomita zenu ni sahihi, na nilizihakiki mwenyewe. Mjukuu wangu wa darasa la sita ana tufe la dunia. Nilichukua uzi mweusi wa kushonea nikauzungusha kwenye mstari wa ikweta, kisha nikaupima kwa tepu ya fundi cherehani: sentimita 94. Mzunguko wa dunia pale ikweta ni kilomita 40,075, maana yake kila sentimita ya tufe letu ni kilomita 426. Halafu mjukuu akabana ncha ya uzi kwa kidole pale Entebbe, ambayo iko juu kidogo tu ya ikweta, nami nikauvuta ukakaza hadi Guangzhou. Sentimita 21 na milimita 3. Tukazidisha, tukapata 9,074. Mtoto alifurahi kuona uzi ulikopita: kaskazini mwa Kenya, Somalia, Bahari ya Arabuni, India karibu na Goa, Ghuba ya Bengal, Myanmar, kisha mpaka wa Vietnam na China. Kwenye ramani ya ukutani alikuwa amechora mstari kwa rula, ukapita kusini zaidi. Alidhani wa rula ndio mfupi. Uzi ulimfundisha kwamba dunia ni duara na njia fupi ya Guangzhou hupinda kuelekea kaskazini.

Saa 11 nazo najua zilikotoka. Mtu alichukua kilomita 9,070, akagawanya kwa mwendo wa ndege wa kilomita 850 kwa saa, akapata saa 10 na dakika 40, akaongeza kidogo za kupaa na kutua. Hesabu ni safi, lakini ni ya ndege inayofuata uzi wa mjukuu wangu bila kutua popote, na katika safari zangu zote 14 ndege hiyo sijawahi kuipanda. Nimepitia Addis Ababa, nimepitia Dubai, na mwaka 2019 nilipitia hadi Istanbul kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi. Nikaja kupima baadaye: Entebbe hadi Istanbul ni kilomita 4,600, Istanbul hadi Guangzhou ni karibu 7,900. Kilomita zaidi ya 3,400 za ziada, nikianza kwa kwenda kaskazini ilhali ninakokwenda ni mashariki. Unafuu wa tiketi ile niliumaliza kwa siku mbili za kulala hotelini nikiwa sijiwezi.

Kupitia Addis, upande wa kilomita, ni karibu na kunyooka: 1,220 hadi Addis, kisha 8,040 hadi Guangzhou. Zinazoongezeka hazifiki 200. Lakini tazameni safari yangu ya Oktoba 2024, ambayo niliiandika saa kwa saa kwenye daftari la duka.

Jumatatu tarehe 21 nilitoka Bombo saa 4 asubuhi. Takisi hadi Kampala, nikapita dukani kuacha funguo, nikapata gari la kukodi kwenda Entebbe. Saa 8 mchana nilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi na kadi yangu ya homa ya manjano mkononi. Ndege iliruka saa 11:20 jioni. Addis tulitua saa 1:25 usiku. Pale nilikaa hadi saa 5:50 usiku, tukapaa tena, na tukatua Guangzhou Jumanne saa 8:50 mchana ya huko. Pasipoti, mabegi, gari hadi Xiaobei, mtaa ambao sisi Waafrika tunafikia: mlango wa chumba nilifungua saa 12 jioni ya huko, ambayo Bombo ni saa 7 mchana.

Kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa chumba ni saa 27. Angani nilikaa kama saa 12 tu. Zile 15 nyingine zilikwisha barabarani, kwenye foleni na kwenye viti vya kusubiri. Na mimi ni mtu wa karibu. Jedwali lenu linaanzia Entebbe kana kwamba sote tunalala uwanjani. Mteja wangu wa Arua kwanza anapanda basi kuja Kampala, anakaa ndani yake saa 8 au 9. Basi lake halifikishi kilomita 500, na ndege yangu kutoka Addis inakwenda kilomita 8,040 kwa saa 10. Muda ni karibu ule ule. Yeye jedwali linamwambia saa 11, anapanga hela ya chakula, ruhusa ya kazini na mtu wa kumlindia watoto kwa saa 11.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni saa zenyewe.

Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa moja ni saa moja ya mchana mpya, na hata majirani zetu Waganda wanahesabu hivyo hivyo kwa Kiganda. Pale Addis, usiku ule, nilikwenda kutawadha, na mama mmoja msafishaji akanionyesha saa yake ya mkononi nilipomuuliza muda kwa ishara. Mshale mfupi ulikuwa kwenye 3. Juu ya kichwa chake ubao wa ndege uliandika 21:00. Waethiopia nao huhesabu kama sisi! Tulielewana mara moja, mimi na yeye, bila neno moja la lugha ya pamoja, na ubao ule ndio uliokuwa mgeni kati yetu. Lakini tiketi inafuata ubao. Haifuati saa ya yule mama wala yangu.

Binti wa kaka yangu alikuwa anifuate Guangzhou siku ileile ya Jumanne, kwa njia ya nchi za Kiarabu za Ghuba. Ilikuwa safari yake ya kwanza. Vyombo vya nyumbani vina awamu yao kwenye Maonyesho ya Canton, awamu ya pili, na ya Oktoba huanza tarehe 23 na kwisha 27. Siku tano basi. Tulikuwa tumekubaliana aingie siku ya kwanza, aangalie vikombe vya udongo na birika, mimi nishughulike na sufuria.

Tiketi yake iliandikwa 22 OCT 03:20. Wakala wa tiketi alimsomea kwenye simu: "Safari yako ni Jumanne, saa tatu na dakika ishirini usiku." Binti akasikia Kiswahili. Saa tatu usiku Jumanne, kwa mtu yeyote wa Bombo, ni baada ya chakula cha jioni cha Jumanne. Akajiandaa vizuri kabisa, akafika Entebbe saa 1 jioni, saa mbili na zaidi kabla ya muda aliopewa.

Guangzhou ilikuwa saa 6 usiku. Nilikuwa nimelala. Simu ya WeChat ikalia, maana WhatsApp kule imefungwa, nikaona sura yake, na nyuma yake taa za uwanja.

"Shangazi, shikamoo. Askari wa mlangoni amenirudisha. Anasema ndege yangu imeondoka."

"Imeondoka saa ngapi, mwanangu?"

"Anasema tangu alfajiri. Shangazi, mimi sikuchelewa. Wallahi sikuchelewa."

Na kweli hakuchelewa. Ndege yake iliruka saa 9:20 usiku wa kuamkia Jumanne, yeye akiwa amelala kitandani Bombo, begi limefungwa, limesimama mlangoni. Wakala alisoma tarakimu 03 akaitamka "tatu" kama Mwingereza, akaongeza "usiku" kama Mswahili. Maneno mawili, kila moja lina ukweli wake, yakakutanishwa pasipo pake. Simtaji mtu huyo, maana nina hakika hakukusudia ubaya. Alisoma alichokiona.

Dola 280 zililipwa kubadilisha tiketi. Kiti kilipatikana usiku wa kuamkia Ijumaa, akatua Guangzhou Ijumaa usiku sana, akaingia maonyeshoni Jumamosi. Siku mbili kati ya tano. Mwenye kibanda cha vikombe, yule tuliyekuwa tumeandikiana naye tangu Agosti, alikuwa amekwisha kufunga oda za Disemba. Binti alisimama mbele ya rafu akigeuzageuza kikombe kimoja cha bluu mkononi, akauliza bei mara ya tatu, kana kwamba bei ikibadilika na oda nayo itafunguka. Nilimshika bega tukaondoka.

Mhariri, lugha yetu ina neno la jambo hili, na ni zuri kuliko la tiketi. Tunasema "usiku wa kuamkia Jumanne". Hakuna mtoto wa Bombo, Mbale wala Busia anayeweza kulikosea. Ukimwambia mtu "ndege inaondoka saa 9:20 usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 22", Jumatatu jioni atakuwa njiani. Nyinyi ni gazeti la Kiswahili. Mnapoandika "03:20" na kunyamaza, au "saa 03:20 usiku" kama nilivyoona kwenye matangazo ya kurasa za ndani, mnatuachia kutafsiri wenyewe usiku wa manane.

Kurudi kuna mtego wake. Tiketi ya kwenda inaandika: ondoka Addis 23:50, fika Guangzhou 14:50. Mtu anahesabu kwa vidole, anapata saa 15. Ya kurudi inaandika: ondoka Guangzhou 00:30, fika Addis 06:30. Anapata saa 6. Nimesikia watu wazima, wenye biashara kubwa kuliko yangu, wakisema kurudi ni karibu kuliko kwenda. Si kweli, ni kinyume chake. China iko mbele yetu kwa saa 5, nchi yote hufuata saa ileile, na kila tarakimu kwenye tiketi ni ya mji inapoandikwa. Ukienda, toa 5: zile 15 zinakuwa 10. Ukirudi, ongeza 5: zile 6 zinakuwa 11. Kurudi ndiko kurefu, kwa sababu miezi ile ya Oktoba na Aprili ninayosafiri, huko juu upepo unavuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakusukuma, ukirudi unapambana nao.

Mwenzangu mmoja wa Arua Park ana kisukari. Alisoma tiketi ya kurudi, akahesabu saa 6, akaona si neno, akaweka sindano zake kwenye begi kubwa lililokwenda chini na mizigo. Dozi yake ikampita angani, usiku, hana la kufanya. Alitua Addis ana kiu isiyokatika na kichwa kinamzunguka, akahudumiwa kwenye zahanati ya uwanja. Alipona, alhamdulillahi. Lakini yale yalikuwa makosa ya kutoa na kujumlisha, na mtu angeweza kufa kwayo.

Nami mwenyewe kwa miaka mingi sala ilinichanganya. Ukienda, usiku unakatwa. Tukitoka Addis karibu na saa 6 usiku, ndege inakimbilia jua, na jua linatujia. Safari ile ya 2024 nilifungua kidirisha saa yangu ya mkononi ikisema saa 9 na nusu usiku, nikaona mstari mwembamba wa weupe mbele ya bawa. Bombo watu wako katikati ya usingizi, na huku Alfajiri imeingia. Nikasali nimekaa kwenye kiti. Robo tatu ya saa baadaye jua lilikuwa limetoka, jekundu, chini yetu mawingu ya upande wa India. Kurudi ni kinyume: unaondoka baada ya saa 6 usiku, unakaa saa 11 angani, na giza halikuachi mpaka karibu na Addis. Miji ni ileile, na usiku mmoja ni mfupi kama wa kuibiwa, mwingine mrefu hadi unadhani saa imesimama. Jedwali lenye nafasi ya mstari mmoja haliwezi kubeba yote haya, najua. Lakini tofauti ya saa 5 linaweza kuibeba. Ni tarakimu moja.

Labda mtasema gazeti si wakala wa tiketi. Ni kweli. Lakini wakala ana haraka na anauza, na tiketi yenyewe haina Kiswahili hata neno moja. Mtu wetu anabaki na gazeti. Nimeona kwa macho yangu mwanamke akimwonyesha mumewe jedwali lenu pale dukani kama ushahidi kwamba Ijumaa atakuwa amefika. Hata akijua kusoma vizuri, amesoma mlichoandika.

Kwa hiyo naomba hivi. Mtakapochapisha tena jedwali lile, kilomita zibaki kama zilivyo. Andikeni mji wa kubadilishia ndege, maana ndio unaoamua muda. Andikeni saa za angani peke yake na za safari nzima peke yake, hata kama za safari nzima ni makadirio: kwenda Guangzhou kupitia Addis mkiandika "saa 25 hadi 28 kutoka Kampala" hamtakuwa mmedanganya. Andikeni saa ya kule ikilinganishwa na yetu. Na kila ndege inayoondoka kati ya saa 6 usiku na Alfajiri, iandikeni kwa Kiswahili chetu, usiku wa kuamkia siku fulani. Ndege kadhaa za mbali zinaondoka Entebbe saa hizo hizo za usiku, kwa hiyo si jambo la mtu mmoja.

Nimeambatisha nakala za kurasa sita za daftari langu, safari za 2017 hadi 2024, kila saa ya kutoka na ya kufika, pamoja na za kusubiri. Mzitumie mpendavyo, hata bila kunitaja.

Oktoba hii tunakwenda tena, mimi na binti wa kaka yangu, safari hii kwenye ndege moja kupitia Ghuba. Tiketi yake imeandikwa 22 OCT 03:20, tarakimu zilezile. Juzi aliigeuza, akaandika nyuma kwa mkono wake: "Saa 9:20 usiku wa kuamkia tarehe 22. Kutoka nyumbani tarehe 21 baada ya Isha." Kisha akanipa niihakiki, nikaisoma mara mbili, nikamrudishia.

Wenu,
Mama muuza vyombo,
Bombo, Uganda